Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Zawadi Huharibu Moyo wa Kazi?



Katika mkutano wa walimu wa Shule ya Jumapili wa mtaa wetu, mama mmoja aliuliza swali ambalo siku ile hapakuwa na mtu wa kulijibu. Alisema hivi: "Tangu tulipoanza kuwapa zawadi watoto wanaohifadhi mafungu mengi, watoto wanahifadhi kweli kweli. Lakini Jumapili tukikosa zawadi, hawahifadhi hata fungu moja. Je, tunawafundisha, au tunawanunua?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana aliyeileta desturi hiyo ya zawadi katika mtaa huu ni mwandishi wa maneno haya. Basi tumelichukua swali lile mpaka nyumbani, na leo twaomba nafasi ya kulijibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa si swali la watoto peke yao. Linamhusu kila mtu aliyewekwa kuwaongoza wenzake: mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa kikundi, mwalimu wa kwaya, hata mwenye duka aliyeajiri kijana mmoja.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulifundishwa somo la saikolojia kwa miezi michache. Tulielezwa kwamba tendo lifuatwalo na zawadi hurudiwa, na tendo lifuatwalo na adhabu huachwa. Tuliandika hivyo katika madaftari yetu, tukajibu hivyo katika mtihani, tukafaulu. Tulitoka chuoni tukiwa na fimbo mkono mmoja na peremende mkono wa pili, tukaamini kwamba kwa vitu hivyo viwili mtoto yeyote aweza kufanywa mwenye bidii.

Hatukujua kwamba wakati huo huo, huko Marekani, kulikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa akilipima jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Jina lake ni Teresa Amabile. Hapo kwanza alisoma kemia, akapata digrii yake mwaka 1972. Halafu akaiacha kemia, akaingia katika saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, akapata shahada ya udaktari mwaka 1977. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Brandeis, na kutoka mwaka 1995 katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kutafuta jibu la swali moja: ni nini kinachomfanya mtu aweze kubuni jambo jipya na jema, na ni nini kinachouzima uwezo huo? Alianza na watoto na wanafunzi, akamaliza na wafanyakazi na viongozi wao.

Yeye mwenyewe ameeleza asili ya swali lake. Alipokuwa mtoto mdogo kabisa, alimsikia mwalimu akimwambia mama yake kwamba binti huyu ana dalili za ubunifu katika kuchora. Neno lile alilishika moyoni. Lakini alipopanda madarasa, mambo yalibadilika. Watoto walipewa picha za wachoraji wakuu wa zamani, wakaamriwa kuzinakili kwa kalamu za rangi, kisha wakapewa maksi. Haukupita muda mrefu hamu yake ya kuchora ikazimika. Alipokuwa mtu mzima alijiuliza: ilikwenda wapi?

Tuliposoma habari hiyo, hatukuweza kuendelea mara moja. Tulimkumbuka mtoto mmoja.

Tulikuwa tukifundisha Darasa la Nne katika shule moja ya kijijini. Mtoto huyo alikuwa na kawaida ya kutengeneza magari ya waya. Magurudumu aliyakata katika kandambili zilizochakaa, na usukani aliufanya kwa fimbo ndefu, hata ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yaligeuka. Karibu kila Jumatatu alikuja na kitu kipya: leo basi, kesho lori, wiki ijayo trekta. Hakuna aliyemtuma. Sisi tukaona, "Hapa pana kipaji, yafaa tukikuze." Tukatangaza shindano kwa darasa zima. Mshindi angepata kalamu ya wino na daftari kubwa. Na kwa kuwa sisi ni walimu, tuliweka masharti: gari liwe na magurudumu manne, milango miwili, urefu usiozidi rula mbili, na maksi ni 20.

Siku ya shindano mtoto yule alileta kitu ambacho hatujapata kukiona. Kilikuwa na magurudumu matatu, na juu yake mkono wa waya wenye kamba, ukizungusha kigingi unanyanyua jiwe. Milango hakuweka. Tukatazama masharti yetu, tukampa maksi 8. Zawadi ikaenda kwa mtoto aliyeleta gari zuri la magurudumu manne, ambalo baadaye tulisikia lilitengenezwa na kaka yake. Tangu siku ile yule mtoto wa kwanza hakuleta tena gari shuleni. Na wenzake, kila tulipowaambia watengeneze au wachore kitu, waliuliza kwanza, "Mwalimu, hii ina maksi?"

Hatukumpiga mtoto yule, wala hatukumtukana. Tulimpa maksi tu. Ndiyo maana miaka mingi ilipita bila sisi kujua kwamba tulikosa.

Sasa tuangalie wataalamu waliona nini. Mwaka 1973, wataalamu watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa habari za jaribio walilofanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza waliahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota na utepe. Kundi la pili hawakuahidiwa kitu, ila walipokwisha kuchora walipewa cheti kile kile bila kutazamia. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila habari ya cheti. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Wale waliopewa bila kuahidiwa hawakupungukiwa na kitu.

Lepper huyo ni mmoja wa walimu wa Amabile. Mwanafunzi wake akaendelea kuuliza: Je, ni hamu tu inayopungua, au hata ubora wa kazi hupungua? Akawapa watu karatasi za rangi na gundi watengeneze picha za kubandika. Kisha akawaita wasanii wazipime picha zile, kila mmoja peke yake, bila kujua ni ya nani wala ya kundi gani. Wale walioambiwa tangu mwanzo kwamba kazi yao itahukumiwa walitoa picha zenye ubunifu mdogo zaidi. Katika jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 1982, wasichana wa miaka 7 hadi 11 walifanya kazi kama hiyo katika karamu. Karamu moja waliambiwa picha bora zitapata zawadi. Karamu ya pili zawadi zilitolewa kwa bahati nasibu. Picha za wale wa bahati nasibu zilikuwa na ubunifu zaidi.

Lililotugusa kuliko yote ni lile la mwaka 1985. Waandishi vijana 72 waliandika shairi fupi. Kisha baadhi yao walipewa karatasi yenye sababu za kuandika, kama kupata fedha na kusifiwa, wakaambiwa wazipange kwa umuhimu wake. Wengine walipewa sababu za namna nyingine, kama furaha ya kucheza na maneno. Halafu wote wakaandika shairi la pili. Waliokuwa wametafakari fedha na sifa, kwa dakika chache tu, waliandika mashairi yaliyoonekana na mahakimu kuwa na ubunifu mdogo. Hawakupewa hata senti moja. Walikumbushwa tu.

Basi, je, tuseme zawadi ni mbaya, tuziondoe zote? Tusiende mbio. Hapa twaona mambo manne ambayo hayana budi kutengwa.

Kwanza, mshahara si hongo. Asije mtu akasoma maneno haya akamwambia mlinzi wa kanisa au mfagiaji kwamba afanye kazi kwa upendo na fedha zitamharibia moyo. Moyo wa kazi haununui unga. Mtu asiyelipwa haki yake haiwazi kazi, anawaza deni. Sisi walimu tumepita katika miezi ya kungojea mshahara, na twaweza kushuhudia kwamba katika miezi ile hatukubuni kitu chochote darasani. Haki ya mtu na ilipwe, tena kwa wakati. Swali letu si kuhusu haki ya mtu, ni kuhusu kile tunachokining'iniza mbele ya macho yake ili afanye tunavyotaka sisi.

Pili, ziko kazi ambazo hazihitaji kubuni. Kufagia uwanja, kuhesabu viti, kupanga vitabu: kazi hizo njia yake ni moja na inajulikana, na ahadi ya soda baada ya kazi haimdhuru mtu. Madhara yanakuja pale kazi inapotaka mtu atafute njia yake mwenyewe, au pale mtu alipokuwa akiipenda kazi tangu mwanzo. Mwenye macho yaliyokazwa kwenye zawadi hushika njia fupi kuliko zote. Hatazami pembeni, na mambo mapya mara nyingi yako pembeni.

Tatu, wataalamu wenyewe hawakukubaliana. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Robert Eisenberger, alisema kwamba madhara ya zawadi yametiwa chumvi, na kwamba mtu akilipwa hasa kwa ajili ya kubuni, aweza kubuni zaidi. Na Amabile mwenyewe hakuyashikilia maneno yake ya kwanza kama yalivyokuwa. Kufikia miaka ya 1990 alikiri kwamba zawadi ina namna mbili. Iko ile inayomfunga mtu, inayomwambia, "Fanya hivi nikupe." Na iko ile inayomthibitishia mtu kwamba anaweza, au inayompa nafasi ya kuendelea na kazi anayoipenda. Ya kwanza hudhoofisha, ya pili huweza kutia nguvu. Twamheshimu kwa hilo. Si kila mwalimu awezaye kusahihisha daftari lake mwenyewe.

Nne, na hili ndilo kiini cha jibu letu: wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya majaribio. Lugha yetu ina neno kutuza, au kutunza. Kwenye ngoma, mchezaji anapocheza vizuri, mtu huinuka katika watazamaji akamtuza kwa fedha au kwa kanga. Hakumwahidi jana. Hakumpa masharti. Mchezaji alikwisha kucheza, na moyo wa mtazamaji umefurahi. Ndiyo maana tunasema mcheza kwao hutunzwa. Na tena twasema chanda chema huvikwa pete. Pete huja baada ya chanda kuwa chema. Hakuna chanda kilichokuwa chema kwa sababu ya kuahidiwa pete. Tuzo hufuata kazi. Ikitangulia, si tuzo tena, ni mapatano. Watoto wale wa kundi la pili, waliopewa cheti bila kutazamia, walituzwa. Wale wa kundi la kwanza walipatana bei.

Hapo ndipo tulipokosa sisi na mtoto wa magari ya waya. Kabla ya shindano, kazi ilikuwa yake. Baada ya kuweka masharti, kazi ikawa yetu, naye akawa kibarua. Lau tungalimwita mbele ya wenzake Jumatatu moja tukamwambia, "Tueleze ulivyoufanya usukani huu," naamini angaliendelea. Huenda na wengine wangalijifunza.

Wengine watauliza: Je, basi tusiwafundishe watoto kwa nidhamu, tuwaache wafanye wapendavyo? La, hasha. Amabile alifundisha kwamba ubunifu una nguzo tatu: ujuzi wa kazi yenyewe, uwezo wa kuliwaza jambo kwa njia mpya, na moyo unaoipenda kazi ile. Nguzo ya kwanza haipatikani bila kufundishwa na kurudia rudia. Asiyejua kukunja waya hawezi kubuni gari. Asiyejua kusoma nota au kushika sauti yake hawezi kutunga wimbo wa kwaya. Kazi ya mwalimu haiondoki. Kinachoondoka ni ule ujanja wa kudhani kwamba peremende yaweza kushika mahali pa mafundisho.

Na kiongozi wa watu wazima je? Katika kitabu alichotoa mwaka 2011 pamoja na mumewe, Steven Kramer, Amabile ameeleza kazi kubwa waliyoifanya. Waliwaomba wafanyakazi 238 katika makampuni 7 waandike kila siku habari za siku yao kazini. Walipokea maandishi karibu 12,000. Walipoyasoma waliona kwamba siku njema, siku ambazo mtu alikuwa na furaha na moyo wa kazi, kwa kawaida ni zile alizoona kwamba kazi yenye maana imesogea mbele, hata kama ni hatua ndogo. Halafu waliwauliza viongozi 669 wapange mambo matano kwa nguvu yake ya kumtia mfanyakazi moyo, pamoja na sifa na zawadi. Hilo la kusaidiwa kazi isogee mbele, viongozi waliliweka mwisho kabisa.

Tukisoma hayo twaiona mitaa yetu. Mara ngapi tumetoa vyeti vya shukrani kwa kikundi cha akina mama, na huku ufunguo wa chumba chao cha kushonea uko kwa mtu aliyesafiri? Mara ngapi tumeisifu kwaya madhabahuni, na huku waomba kinanda kitengenezwe na hawajibiwi? Sifa ni rahisi, haina gharama. Kumwondolea mtu jiwe lililo njiani mwake kunataka kwanza umtembelee uone anakwamia wapi. Kiongozi anayetaka watu wake wawe na moyo, na aulize swali hili: "Ni nini kinawazuia?" Kisha aende akakishughulikie.

Neno la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Amabile naye pamoja na wenzake wanne waligeukia swali la kustaafu, yaani mtu huishi vipi akiacha kazi aliyoizoea, na mwaka 2024 walitoa kitabu juu yake. Sisi tulipostaafu tuliamka kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukavaa, tukakaa barazani. Hapakuwa na kengele, wala rejesta, wala mkaguzi. Miezi ya kwanza tulijiona si kitu. Tuligundua, na si jambo la kujisifu, kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tumefundisha kwa ajili ya mkaguzi. Mapatano yalipokwisha, na hamu nayo ilikuwa imekwisha. Yale tuliyomtenda mtoto wa waya, nasi tulikuwa tumetendewa, tena tukajitenda wenyewe.

Siku moja mtoto wa jirani alipita na daftari, akauliza maana ya neno moja. Kesho yake alikuja na mdogo wake. Sasa ni watoto watatu, twasoma pamoja barazani jioni, bila maksi. Majirani huuliza tunalipwa shilingi ngapi. Tukisema hatulipwi, wengine hawaamini. Na sisi tumeona jambo la ajabu: katika umri huu tunabuni njia za kufundisha ambazo hatukuzibuni tulipokuwa na miaka 30.

Basi, jibu letu kwa mama yule ni hili. Ndiyo, tulikuwa tunawanunua, na aliyeweka bei ni sisi. Twapendekeza kwamba zawadi za ahadi kwa kuhifadhi mafungu ziachwe. Watoto waulizwe fungu walilohifadhi lasema nini, na waruhusiwe kulieleza kwa maneno yao, au kwa kuchora, au kwa kuigiza. Mwisho wa mwaka tuwafanyie wote karamu, waliohifadhi mengi na waliohifadhi machache. Na mwalimu akimwona mtoto aliyefanya jambo jema bila kutumwa, amtuze papo hapo, kwa neno au kwa penseli, bila kutangaza.

Twajua kwamba Jumapili za kwanza watoto watauliza, "Zawadi iko wapi?" na wengine huenda wasije. Hilo litatuuma, nalo ni sehemu ya gharama ya kosa letu. Tusirudi nyuma kwa haraka. Hamu iliyonunuliwa kwa muda mrefu haiamki kwa siku moja.

Wenye mawazo mengine juu ya jambo hili twawaomba wayalete kwa mhariri kabla ya mkutano ujao wa walimu. Sisi tumekwisha kukosea mara moja kwa kuamua peke yetu.